Nyonga Isiyotiwa Saruji

Tangu mavuno ya mwaka jana wamekuja nyumbani kwangu Mogitu watu kadhaa ambao sikuwafahamu. Mmoja alitoka Katesh. Mwingine alipanda basi kutoka Dongobesh, akashuka njia panda na kuja taratibu akiegemea fimbo. Wote walikuwa wameambiwa hospitalini kwamba nyonga imekwisha na dawa yake ni kuwekewa ya chuma, na wote walikuwa na swali lilelile: hicho chuma kinadumu? Daktari alikuwa amewajibu, lakini daktari hatembei nacho, kwa hiyo walitaka kuniona mimi. Huwa nawakaribisha ndani, nakwenda jikoni mwenyewe, narudi na birika na vikombe kwenye sinia, kisha ndipo nakaa nao. Nikifika na lile sinia, nusu ya maswali yanakuwa yameshajibiwa.

Nusu iliyobaki nimeona niiandike, kwa ajili ya wale ambao hawawezi kufika Mogitu.

Naitwa Yustina. Nilizaliwa Nambis, juu kule Mbulu, ambako shamba la baba yangu lililala kwenye mteremko mkali kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka mkononi unakwenda kukiokota kwa jirani. Niliolewa Mogitu, chini ya Mlima Hanang, na Tarmo, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya mashamba ya ngano ya serikali. Siku hizo mashamba yale yalikuwa kwenye nguvu zake. Ukisimama mahali pamoja, ngano ilikuwa inakwenda mpaka macho yachoke, na kombaini zikitembea kwa mstari mmoja kama zimetumwa na mtu mmoja. Nami sikuwa mke wa fundi tu. Nilikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliofundishwa kuendesha trekta, nikawa navuta haro, lile jembe la sahani za chuma, wakati wa kutayarisha mashamba. Nalisema hili mapema kwa sababu ugonjwa wangu uliniuma nyonga, lakini kilichoniuma zaidi ni kushushwa kwenye ile trekta.

Nilianguka asubuhi moja ya baridi. Ngazi ya trekta ilikuwa na umande uliochanganyika na mafuta, mguu ukateleza, nikaangukia ubavu wa kushoto kwenye ardhi iliyokauka. Haikuwa mbali kwenda chini. Wenzangu walidhani nitainuka nijipanguse. Nilijaribu, mguu ukakataa kuja nami.

Hospitali ya misheni walinitia skrubu. Mfupa uliunga, nikarudi kazini, nikashukuru Mungu, nikadhani yamekwisha. Baada ya misimu miwili ya kupanda, maumivu yakaanza upya. Yalianzia kwenye kinena, yakashuka mpaka gotini, na usiku hayakunipa upande wa kulalia. Kichwa cha mfupa, kile kinachozunguka ndani ya nyonga, kilikuwa kimekosa damu tangu siku ile ya kuanguka na kilikuwa kinakufa polepole. Hayo niliambiwa baadaye. Nilichojua mimi ni kwamba mguu wa kushoto unakuwa mfupi. Tarmo alinikatia kipande cha tairi akakigongelea chini ya kiatu changu ili nisimame sawa. Paja likakonda, nikiliweka karibu na la kulia ni kama si ya mtu mmoja. Sikuweza kuvaa viatu vyangu bila mwanangu Paulo kuniinamia. Kupanda ngazi ya trekta kukawa hakuwezekani tena, nikahamishiwa ghalani kushona magunia. Nilishona nimekaa, huku nikisikia injini nje na kujua kwa mlio nani anaendesha na kama anabadilisha gia vizuri.

Mimi na Tarmo tulipelekwa hospitali kubwa ya rufaa, safari ya siku nzima kwa basi kupitia Babati na Arusha. Kwenye ukumbi wa kusubiria kliniki ya mifupa kuna kitu ambacho wengi hawawaambii wagonjwa: benchi ni la chini. Mtu mwenye nyonga mbovu hawezi kukaa juu ya benchi la chini, na akikaa hawezi kuinuka. Kwa hiyo tulisimama. Ukutani kulikuwa na mstari mzima wa watu tumesimama tukiwa tumeegemea upande mmoja, na mabenchi mbele yetu yamekaliwa na waliotusindikiza. Bibi mmoja wa Kipare aliyekuwa pembeni yangu aliniangalia akacheka. "Sisi wagonjwa ndio askari," alisema. Nilicheka naye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu tutoke nyumbani.

Daktari alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuchora huku akiongea. Alishika picha yangu ya eksirei kuielekeza dirishani, akaiangalia muda mrefu.

"Una miaka mingapi, mama?"

"Thelathini na moja."

"Kazi yako?"

"Dereva wa trekta."

Aliiteremsha picha akaniangalia mimi. Kisha akachora mfupa wa paja na kitu kama mkuki umeingia ndani yake.

"Bibi wa miaka sabini ningemwekea kwa saruji," alisema. "Kuna saruji ya mifupa, inashika siku hiyohiyo, na bibi anatembea. Wewe una miaka mingi mbele yako. Kwako nataka kuweka isiyotiwa saruji. Uso wake si laini, una vishimo vidogovidogo. Tunaigongea ndani ya mfupa ikabane, halafu tunauachia mfupa wako uote, uingie kwenye vile vishimo, uishike wenyewe."

"Na usipoishika?"

"Itacheza. Itauma. Itabidi tuitoe."

Tarmo akauliza lile swali ambalo watu huja kuniuliza mimi sasa. "Ikishika, daktari, itadumu muda gani?"

"Ningekudanganya nikikupa jibu," alisema. "Hizi ni za juzi. Waliotangulia kuwekewa bado tunawaangalia. Sehemu ya chuma naiamini. Ndani ya kikombe, kile tunachokiweka kwenye tundu la nyonga, kuna plastiki, hiyo inalika kidogokidogo kama tairi. Nikuombe kitu kimoja tu. Baada ya upasuaji usiukanyagie mguu mpaka nikuruhusu. Mfupa ukisumbuliwa wakati unaota, haushiki."

Nilimpenda daktari yule kwa sababu alisema hajui.

Sikuwekewa siku hiyo. Ilibidi tungoje kiungo cha ukubwa unaonifaa, nacho kilikuwa hakijafika. Tukarudi Mogitu kusubiri, na kusubiri kule ndiko kulikoleta maneno ndani ya nyumba.

Tulikuwa tumehamia kwa wakwe zangu kwa sababu nisingeweza tena kujihudumia kwenye nyumba za wafanyakazi shambani. Siku moja baada ya chakula shemeji yangu, kaka mkubwa wa Tarmo, alisema mbele yangu, "Mtu akishapigiliwa chuma, atalima? Atachota maji?" Mama mkwe hakumkatiza. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye kusimamia nyumba yake vizuri, na hakuwahi kupendezwa na mkwe anayepanda mashine na wanaume. Akamwambia Tarmo kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpeleke Nambis apumzike kwa mama yake. Akipona atarudi."

Kila aliyekuwepo alijua maana ya maneno hayo. Niliangalia sahani.

Tarmo aliweka kijiko chini. "Mama," alisema, "kazi yangu ni kuunga vyuma. Nimeona vinavyoshika na nimeona visivyoshika. Hiki kikishika, atatembea hapa. Kisiposhika, nitamtunza hapa. Nambis tutakwenda kusalimia."

Mama mkwe aliinuka akakusanya sahani. Lakini toka siku hiyo nilijua kwamba sitakwenda kupasuliwa kwa ajili ya mguu peke yake.

Kiungo kilifika mvua za masika zilipokuwa zinaanza, wakati ngano inapandwa. Lori la shamba lilitupa lifti mpaka Babati, na nikiwa pale mbele kati ya dereva na Tarmo niliona trekta zikivuta mashine za kupandia kwenye udongo mweusi. Niligeuza uso upande mwingine.

Walinichoma sindano ya mgongoni. Kuanzia kiunoni kwenda chini sikuwa na mwili, lakini masikio yalikuwa yangu. Kulikuwa na pazia la kijani mbele ya kifua changu, na nyuma ya pazia nikasikia nyundo. Daktari alisema wataigongea, lakini sikuwa nimeambiwa kwamba nitaisikia nyundo, ndiyo maana nakuambia wewe. Ni nyundo ya kweli, chuma kwa chuma, na mwili mzima unatikisika kitandani ingawa hauumi. Niliogopa sana. Muuguzi aliyekuwa kichwani kwangu aliona machozi, akainama.

"Mama Paulo, unasikia maumivu?"

"Hapana. Nasikia karakana."

Alicheka ndani ya kitambaa chake cha mdomoni, akanishika bega. Nyundo iliendelea, na mlio ukabadilika. Mwanzoni ulikuwa mzito, kama unapiga kitu kilicholegea, kisha ukawa mkali na mfupi. Daktari akasema, "Basi. Imekaa." Na mimi kule nyuma ya pazia nikashusha pumzi pamoja nao.

Wodini nilimkuta yule bibi wa Kipare. Jina lake Nakijwa. Yeye alikuwa amewekewa kwa saruji, na mara tu alipopata nafuu alisimamishwa akaanza kutembea kati ya vitanda akiwasalimia watu. Mimi nililala na mto kati ya magoti, nimekatazwa kukunja nyonga sana, nimekatazwa kupishanisha miguu, nimekatazwa kukanyaga. Nilimwonea wivu. Nilimwona anakwenda dirishani na kurudi, na mimi ninayetosha kuwa binti yake siwezi hata kwenda chooni bila watu wawili.

Mtaalamu wa mazoezi wa wodi yetu alikuwa Bi Rehema, mwanamke wa Tanga aliyevaa ushungi mweupe na mwenye mikono yenye nguvu. Alinifundisha magongo. Aliniambia niweke kidole cha mguu sakafuni kama mtu anayejaribu maji kama ni ya moto, nisiweke zaidi ya hapo.

"Bi Nakijwa anatembea," nilimwambia siku moja kwa hasira. "Mimi nimekaa kama mzigo."

"Yeye amejengewa," alisema Bi Rehema. "Wewe unajenga. Kazi yako ni ngumu zaidi na haionekani. Ukilala pale kitandani usifikiri umelala bure."

Yale maneno yalinisaidia kuliko vidonge. Nakuachia na wewe.

Nilirudi Mogitu na magongo, na hapo ndipo mtihani ulipoanza, maana hospitali ina vitanda virefu na nyumba zetu zina vigoda. Nilikatazwa kukaa mahali popote ambapo goti linapanda juu kuliko nyonga. Kigoda cha jikoni hakikunifaa. Choo cha shimo hakikunifaa. Kukamua ng'ombe ndiyo kabisa. Tarmo alinitengenezea kiti cha miguu mirefu kwa mbao na vyuma, na kingine cha chooni chenye tundu katikati, ambacho majirani walikuja kukiangalia kama maonyesho.

Kile kiti kirefu kilileta balaa. Jioni tulikaa sebuleni wote, wazee kwenye vigoda na mimi juu. Kichwa changu kilikuwa juu ya kichwa cha baba mkwe. Kwetu hilo halifanyiki. Mama mkwe alivumilia kidogo, kisha akasema bila kuniangalia, "Nyumba ina wazee, na mwanamke amekaa kama yuko kwenye trekta."

Nilichukua magongo ili niondoke niende chumbani. Baba mkwe, Mzee Bura, alikuwa mtu wa maneno machache, mfugaji aliyekuwa bado anapanda mlimani kutafuta ng'ombe waliopotea na kurudi nao kabla ya chakula. Alikunywa chai yake mpaka mwisho.

"Tarmo," aliita. "Zile mbao zimebaki?"

"Zimebaki, baba."

"Nitengenezee na mimi kama hicho. Magoti yangu yamechoka na kigoda."

Magoti yake hayakuwa na tatizo lolote. Kesho yake kiti kilikuwa tayari, akapanda akakaa, miguu inaning'inia kidogo, akaendelea na mambo yake. Tukawa wawili juu. Mama mkwe alibaki chini na kigoda chake na hakusema kitu tena kuhusu viti.

Kilichotubadilisha mimi na yeye kilikuwa kitu kidogo. Sikuweza kuinama, kwa hiyo sikuweza kufika miguuni kwangu mwenyewe. Tarmo alikuwa shambani juma zima, watoto wako shule. Miguu yangu ilikuwa imepasuka, kucha zimekua, na vumbi la ua limeingia kwenye mipasuko. Nilikuwa naificha chini ya kanga. Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha na sisi wawili tuko peke yetu. Akaja na beseni la maji ya moto na sabuni, akaliweka sakafuni mbele ya kiti changu.

"Lete mguu," alisema.

"Mama, hapana. Wewe ndiye mama. Siwezi."

"Nimesema lete mguu. Siyo huo. Ule wa chuma."

Alikaa kwenye kigoda chake, akauchukua mguu wangu wa kushoto kwa uangalifu, akauosha. Alisugua kisigino kwa jiwe, akakata kucha, akapaka mafuta. Kisha akauchukua na wa kulia. Mimi mkwe nimekaa juu, na mama yake mume wangu yuko chini ameshika miguu yangu. Nililia nikatazama mlangoni ili asione. Alipomaliza alipandisha kanga yangu kidogo akaangalia kovu, lilikuwa refu na bado jekundu. Alipitisha kidole pembeni yake.

"Waliingilia hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa macho?"

"Nilikuwa nasikia nyundo."

Aliteremsha kanga yangu. "Mimi ningekimbia," alisema. Akamwaga maji nje. Tangu hapo aliniosha miguu kila Jumamosi mpaka niliporuhusiwa kuinama, na hatukuwahi kulizungumzia mbele ya mtu.

Niliyatii masharti kama askari. Ngano ilipochipua nilikuwa kwenye magongo mawili. Ilipotoa masuke nilikuwa bado kwenye magongo mawili, mikono imeota sugu. Watu wa kanisani walinishauri nijaribu kidogo, waliona nimenenepa na uso umekuwa mzuri. Nilikataa. Niliporudi hospitalini, wakati kombaini zimeshaanza kuingia mashambani, daktari alishika picha mpya na ya zamani pamoja kwenye mwanga. Kisha akaninyang'anya gongo la kushoto akaliegemeza ukutani.

"Kanyaga," alisema.

Nilikanyaga. Mguu ulitetemeka, lakini ndani kabisa, pale palipokuwa pananiuma kama kisu, palikuwa kimya. Miguu yangu yote miwili ilifika sakafuni kwa urefu sawa. Siwezi kukueleza. Nilikuwa nimesahau kwamba sakafu inaweza kuwa sawa.

Niliporudi kwenye trekta ulikuwa umepita msimu mzima. Daktari alisita, kisha akakubali kwa masharti: nisiruke chini, nikipanda nitangulize mguu mzima, nikishuka nitangulize ule mwingine, na kiti cha trekta kiwekwe godoro. Tarmo aliongeza ngazi moja chini ili hatua isiwe ndefu. Siku niliyopanda, wenzangu wa karakana walitoka nje wakasimama. Hakuna aliyepiga makofi. Niliwasha, nikaweka gia, nikaenda. Nilipogeuza mwisho wa shamba ndipo nilipoimba.

Lakini sitaki ufikiri njia ilinyooka moja kwa moja. Masika yaliyofuata nilianza kupata maumivu ya paja, katikati ya mfupa, hasa nikiinuka baada ya kukaa. Nikajiambia chuma kimelegea. Tarmo aliponiambia twende, nilisema tusubiri mvua ziishe, kwa sababu nilikuwa na woga wa kuambiwa. Akakataa kusubiri. Tulisimama tena kwenye ule ukuta wa kliniki, na kusubiri kule kulikuwa kubaya kuliko kwa mara ya kwanza, maana safari hii nilikuwa na kitu cha kupoteza. Daktari alinisukuma mguu huku na huku, akaangalia picha, akaniita niangalie mwenyewe.

"Unaona huu weupe hapa, umekuja mpaka kwenye chuma? Huo ni mfupa. Umeota. Kimeshikwa. Paja linauma kwa sababu chuma ni kigumu kuliko mfupa na mfupa unajifunza kukibeba. Itapungua."

Ilipungua. Haikuisha ghafla, ilipungua mpaka siku moja nikagundua sikumbuki mara ya mwisho iliniuma lini. Kama na wewe itakupata, nenda ukapigwe picha, usikae na woga nyumbani. Lakini usianze kujizika.

Baada ya hapo niliishi. Hilo ndilo ambalo watu huwa hawalitarajii, kwamba kuna miaka mingi katikati ambayo sina la kuandika. Nilizaa mtoto mwingine, Veronika, na daktari wa uzazi aliambiwa tu asinipanue sana upande ule. Nilikwenda Nambis kwa mama yangu kila mwaka, nikashuka na kupanda ule mteremko wa baba. Nilimzika baba mkwe, Mzee Bura, nikitembea nyuma ya jeneza mpaka kaburini. Mashamba nayo yalianza kupungua nguvu. Vipuri vikawa haviji, mashine moja ikavuliwa vifaa ili nyingine itembee, wenzangu wakapunguzwa. Nikawa naangalia kombaini zilizofika zikiwa mpya pamoja na nyonga yangu zimeegeshwa nyuma ya karakana, majani yanatokea kwenye magurudumu. Mimi nilikuwa bado natembea.

Kisha, tulipokuwa tumeshaanza kusikia kwamba mashamba yatauzwa, nyonga ikaanza kutoa sauti. Ilikuwa kama mlango unaohitaji mafuta. Halafu maumivu kidogo kwenye kinena, na mguu kama umepungua unene wa sarafu. Yule daktari mrefu alikuwa amestaafu. Nilipokelewa na kijana mmoja, mwenye heshima, aliyenisalimia shikamoo kabla hajagusa karatasi yoyote. Alisema plastiki ya ndani ya kikombe imelika na unga wake umeanza kuudhi mfupa. Lazima afungue. Akifungua ataangalia na chuma chenyewe. Kama kimelegea, atatoa vyote na kuweka upya, na kukitoa chuma kilichoota mfupani ni upasuaji mzito, unaweza kuhitaji kuupasua mfupa.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, mwenye sukari ya kupanda na kushuka. Nilimwambia Tarmo kabla hawajanichukua, "Wakikitoa, usiwaache wakitupe. Nataka nikione." Akaitikia kwa kichwa.

Safari hii walinilaza kabisa. Nilipozinduka kinywa kilikuwa kikavu na yule daktari kijana alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, kofia ya upasuaji bado kichwani. Nilijaribu kuuliza, sauti haikutoka. Akaelewa.

"Tumebadilisha plastiki na kile kichwa kinachozunguka ndani yake, mama. Basi."

"Na chuma?"

"Nilikishika kwa koleo nikakitikisa. Nikamwita bosi wangu naye akakitikisa. Mguu mzima ulitikisika, chuma hakikutikisika ndani yake. Kikombe vilevile. Hatukuona sababu ya kuvigusa."

Alileta wanafunzi wake siku iliyofuata wakazunguka kitanda, akawaonyesha picha zangu zote kuanzia ya kwanza. Aliwaambia kuna mambo mawili yaliyofanya chuma kile kikae: kiliwekwa vizuri, na mgonjwa alitii. Nililala pale nikijisikia kama siku nilipokabidhiwa leseni ya trekta.

Kwa hiyo ndilo jibu langu kwa wanaouliza. Chuma changu kimedumu kuliko mashamba, kuliko mashine, kuliko ndoa za baadhi ya walioniambia nirudi kwetu. Plastiki ililika, kama tulivyoambiwa, ikabadilishwa. Sikuahidi wewe utakuwa kama mimi. Kuna ambao chuma chao kililegea mapema, nimewaona kwenye ule ukuta. Ninachokuambia ni hiki: tafuta daktari anayekubali kusema hajui. Tengeneza kiti chako na choo chako kabla hujapasuliwa, usisubiri urudi. Ukiambiwa usikanyage, usikanyage, hata kama kanisa zima linakuona umepona. Rudi ukapigwe picha hata usipoumwa. Na mtu akikuletea beseni la maji, mpe mguu.

Sasa mashamba yale ya serikali yamegawanywa, sisi tunaitwa Mkoa wa Manyara, na mimi nina bustani na ng'ombe wa maziwa ambaye Tarmo ndiye anayemkamua. Mama mkwe bado yuko, amezeeka sana, macho yake yanaona mwanga na kivuli tu. Nakaa naye. Kila Jumamosi ni zamu yangu ya kumwosha miguu.

Pasaka iliyopita tulibatiza mtoto wa Veronika. Ua ulijaa wageni, wengine kutoka Mbulu, ambao wamesikia habari zangu lakini hawajawahi kuniona. Nilipokwenda kuchukua ndoo ya maji kwenye tangi, mama mmoja alinikimbilia akaishika.

"Mama Paulo, kaa. Una mguu wa bandia, tutabeba sisi."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Alinyoosha mkono kuelekea sauti ilikotoka.

"Mwachie ndoo yake," alisema. "Nyamazeni kidogo wote."

Watu wakanyamaza, kwa sababu sauti yake bado ni ileile. Niliinua ndoo, nikajitwika, nikavuka ua kwenda jikoni.

"Haya, mmemsikia anavyotembea," aliwaambia wale wageni. "Mimi sioni. Niambieni nyie wenye macho, mguu wa chuma ni upi?"

Waliangalia mpaka nilipoingia ndani. Mmoja akasema wa kulia.